Matukio ya Utawala

Mlango wa ofisi yangu ulikuwa mwembamba, na balaa lote lilipitia hapo. Kwa miaka mingi ulikuwa umeandikwa AFISA UTAWALA, kwa rangi nyeusi iliyoanza kubanduka. Ndicho kilichokuwa cheo changu. Nilianza kazi katika lile shirika la mbao pale Njombe nikiwa karani wa taipu, nikapanda kwa jasho langu mpaka nikawa mtu wa kushughulikia watumishi wote, wa Njombe na wa ghala letu la Makambako. Ajira, likizo, ugonjwa, misiba, yote yalipita kwangu. Mtu akifiwa, hajamaliza kulia mimi nimeshamtafutia gari la kusafirisha maiti. Sijisifu, kazi yenyewe ilikuwa hiyo.

Kisha ukaja ubinafsishaji wao. Tuliletewa meneja mpya kutoka Dar es Salaam aje alitayarishe shirika liuzwe. Sikumpenda tangu siku ya kwanza na sitamwomba mtu radhi kwa hilo. Alikuwa mtu wa kutabasamu. Sisi wa Njombe, na baridi ile ya kukata masikio, mtu hutabasamu akiwa na sababu. Yeye alitabasamu akikusalimu, akikunyima ruhusa, akikuambia mtoto wako hatapata kazi aliyoahidiwa. Mwezi wa kwanza tu akaamuru milango yote iandikwe upya kwa Kiingereza, eti wawekezaji wakija wasipotee. Jengo lenyewe lilikuwa na ukumbi mmoja. Angepotea nani humo?

Akaitwa fundi rangi wa Makambako, yule aliyezoea kuandika maneno nyuma ya malori. Akafika kwangu, akapima mlango kwa kiganja, akatikisa kichwa. Cheo changu kwa Kiingereza ni maneno mawili marefu na hayakuingia. Nikamwambia apunguze herufi. Akasema milango mingine ina herufi kubwa, wangu ukiwa na ndogo bosi hatapokea kazi. Akaenda kumuuliza meneja, akarudi na kikaratasi chenye neno moja, akaliandika hilo, nene, jekundu, kutoka ukingo hadi ukingo: ADMINISTRATOR. Nikaenda kuuliza mbona cheo changu kimekatwa mkia. Meneja akatabasamu. "Ni kitu kilekile, mama," akasema. Nikaacha, maana sikuona sababu ya kugombana na rangi.

Baada ya milango ikaja kompyuta. Ilishushwa kwenye gari imefungwa kama mgonjwa, ikawekwa chumbani kwa meneja, karibu na dirisha. Mimi niliyejua taipu kuliko mtu yeyote katika jengo lile nilidhani nitaitwa. Wapi. Meneja aliniambia usoni, mbele ya wasichana wa mapokezi, "Mama, hii si taipu. Usiiguse." Kazi niliyopewa ilikuwa kuitafutia kitambaa cha kuifunika vumbi. Nikaenda misheni kwa masista, wakanifumia kitambaa cheupe chenye maua pembeni. Huo ndio mchango wangu wote kwa kompyuta ile, na mtu akisema nilichangia zaidi ya hapo ni mwongo.

Fundi wa kompyuta alitoka Iringa, kijana mpole mwenye mkoba mdogo. Alikaa na mafaili yangu ya watumishi wiki nzima, akayaingiza mle ndani. Wiki iliyofuata nilikwenda Bulongwa, dada yangu alikuwa amelazwa hospitali. Niliporudi nilikuta kabati langu wazi, tupu, na nyuma ya vyoo kuna jivu. Mafaili yote yamechomwa. Watu waliotumika tangu shirika lilipoanzishwa, barua zao za ajira, picha zao za ujana, vyote jivu. Nilipiga kelele siku ile mpaka mlinzi akaja mbio. Meneja akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Kila kitu kimo ndani," akasema. "Tena mashine hii ni bora kuliko kabati lako. Inajiandikia yenyewe kila tukio. Nani kaingia, kaongeza nini, kafuta nini. Haina upendeleo, mama. Haidanganyi."

Sasa nimtaje mzee mmoja, maana bila yeye haya yote yasingeniuma. Alikuwa nyapara wa makuli wa ghala la Makambako. Ghala lilikuwa ng'ambo ya reli ya Zambia, na makuli ndio waliopakia mbao kwenye mabehewa na malori. Yeye alikuja na ujenzi wa reli kutoka upande wa Tabora, reli ikaisha, yeye akabaki. Mwislamu wa swala tano, mtu wa maneno machache, mkali kwa makuli wake kama mama mkwe. Ni mimi niliyewapigania makuli wale waandikwe waajiriwa wa kudumu, wakati wakubwa wa zamani walitaka wabaki vibarua. Tangu hapo aliniita mwanangu. Kila mwezi nilipokwenda Makambako, mtu wa kwanza kumwamkia alikuwa yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hamjaganda bado huko kwenu?"

Kila mwezi maneno yaleyale, na kila mwezi nilicheka. Nilimpelekea viazi vya kwetu, na mwezi wa Ramadhani mkewe aliniwekea futari, mimi Mkatoliki, nikala nao kwenye mkeka mmoja. Baba yangu alikufa nikiwa mdogo. Mengine sitayafafanua.

Siku hiyo nilishuka kwenye kosta pale njia panda, na kikapu changu cha viazi, sina habari. Upepo wa Makambako ulikuwa unapeperusha vumbi la mahindi barabara nzima. Nikavuka reli. Makuli wote walikuwa wamekaa juu ya magogo nje ya ghala, saa ya kazi, mikono magotini. Nikadhani kuna msiba.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Akaniangalia. Hakujibu. Nikadhani hajasikia kwa ajili ya upepo, nikasogea, nikarudia. Akaniangalia vilevile, muda mrefu, kisha akasema, "Umetufuta." Akanigeuzia mgongo.

Anayejua Kiswahili anajua nilichofanyiwa. Mtu mzima akinyimwa marahaba mbele za watu, ni heri angetukanwa. Nilibaki nimesimama na kikapu changu, na makuli wale niliowajua majina na majina ya watoto wao wakatazama chini. Mmoja tu, kuli kijana mwenye mdomo mchafu, alinyoosha kidole kwenye mlango wa ghala. "Si ukajisome," akasema.

Mlangoni palibandikwa karatasi ndefu, zile za printa zenye matundu pembeni. Juu yake mtu ameandika kwa kalamu ya wino, na mwandiko niliujua, wa meneja: MATUKIO YA UTAWALA. Chini yake mistari. Kila mstari tarehe, kisha jina la kuli mmoja, kisha neno la Kiingereza la kufuta, na mwisho wa kila mstari neno lilelile, limejipanga kutoka juu mpaka chini: Administrator. Jina la nyapara lilikuwa la kwanza.

Ndipo nikaelezwa kilichotokea. Siku iliyotangulia meneja alikuja na habari kwamba kuna mnunuzi wa ghala. Akawaambia makuli kwamba mashine haiwatambui, hawamo, kwa hiyo wao ni vibarua tu, na vibarua hawaagwi wala hawalipwi kiinua mgongo. Wakapiga kelele. Akatoa karatasi ile. "Mimi nimesikitika kama ninyi," akawaambia, "lakini mashine haina upendeleo. Imeandika aliyewafuta. Hayo ni matukio ya utawala, na Afisa Utawala mnamjua. Anayebisha aende Njombe akasome mlango wake." Na kweli wakamtuma mtu, akapanda lori, akaja akasimama kwenye ukumbi wetu, akausoma mlango wangu herufi kwa herufi, akarudi. Mimi nilikuwa ndani nakunywa chai.

Nilirudi Njombe siku hiyohiyo na viazi vyangu. Sikubisha hodi kwa meneja. Nilimwambia yeye ni mwongo, mnafiki, na kwamba aliyemzaa alipata uchungu bure. Sijutii hata neno moja. Akaniacha nimalize, kama kawaida yake.

"Labda uligusa bila kujua," akasema.

"Niliguse dude ulilonikataza?"

"Sijui, mama. Kumbukumbu ndivyo zinavyosema." Akavuta kiti, akapunguza sauti. "Sikiliza. Mnunuzi atahitaji mtu wa utawala mwenye uzoefu. Nimekutaja. Wale wa Makambako ni watu wa kuja, leo wapo kesho wamehamia Tunduma. Watasahau. Wewe una nyumba hujamaliza kuezeka."

Alijua mpaka bati zangu. Nilimtemea mate mlangoni, nikatoka. Lakini usiku sikulala vizuri, kwa sababu bati ni bati.

Wiki zilizofuata nilikiona cha moto. Makambako ni mji wa wageni watupu, Wakinga, Wahehe, watu wa Tanga, watu wa Kigoma, hawana ukoo mmoja, ila habari mbaya wanaipokezana kama ndugu. Nilipokwenda tena, mama wa nyumba ya wageni niliyelala miaka yote aliniambia vyumba vimejaa, na mimi naona funguo zimening'inia ukutani nyuma yake. Sokoni mwanamke mmoja alimwuliza mwenzake kwa sauti, nisikie, "Huyu ndiye anayefuta watu?" Mke wa nyapara nilimkuta kisimani. Alijitwisha ndoo ikiwa nusu ili asisimame nami. Hilo liliniuma kuliko karatasi. Nilikuwa tayari kupoteza kazi, hata bati. Lakini mzee yule afe akiamini kwamba mimi, niliyekula kwenye mkeka wake, nilikaa kitini nikafuta jina lake, hapana. Hilo nilikataa.

Siku moja fundi wa Iringa alikuja kuisafisha mashine. Nilimvizia ukumbini, nikamshika mkono wa shati.

"Administrator ni nani?" nikamwuliza.

Akacheka, akidhani namtania, maana tulikuwa tumesimama mbele ya mlango wangu. Alipoona sicheki akaacha. "Si mtu, mama," akasema. "Ni jina la mashine yenyewe. Imekuja nalo tangu kiwandani. Mwenye mamlaka yote ya mashine anaingia kwa jina hilo."

"Anaingiaje?"

"Kwa paswadi. Neno la siri."

"Nani analo?"

Akatazama mlango wa meneja. "Nililiweka mimi, nikampa yeye peke yake. Akalibadilisha. Sasa hata mimi silijui, nikija lazima aniandikie yeye."

Nikamwambia twende Makambako, kosta ipo, ayaseme hayo mbele ya makuli. Akajivuta. "Mama yangu, mimi nina mkataba hapa. Nina watoto."

"Na wao wana watoto."

"Najua," akasema, akatoa mkono wangu taratibu kwenye shati lake, akaondoka na mkoba wake. Mpole kweli. Watu wapole wameniangusha mara nyingi maishani kuliko wakali.

Nikakaa na maneno yale kama mtu aliyepewa ufunguo asijue mlango uko wapi. Ningewaambia makuli, wangesema najitetea. Mwizi naye husema si yeye. Nikanyamaza, nikangoja. Meneja akadhani nimekubali habari ya bati, akawa ananitabasamia zaidi.

Siku ya mnunuzi kuja kulikagua ghala, meneja aliamua kumwonyesha na mashine. Akaipakia kwenye gari, ikaenda Makambako imefunikwa kitambaa cha masista, ikawekwa juu ya meza katika chumba cha karani wa ghala. Mimi nilichukuliwa pia. Nadhani alitaka mnunuzi aone ana afisa utawala mtulivu. Mnunuzi alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, kila mara anatazama saa. Makuli hawakualikwa, ila nani atawazuia? Walijazana mlangoni na dirishani. Nyapara alisimama mbele yao, kofia kichwani, hakuniangalia. Nami sikumwamkia. Sikumwamkia mtu yeyote siku ile.

Meneja alihutubia kidogo habari za teknolojia. Akasema mashine hii ndiyo ghala lenyewe, mali yote na watu wote wamo humu. Akaiwasha. Ikakoroma, ikawaka, ikatoa kidirisha chenye nafasi mbili, moja ya jina na moja ya neno la siri. Nafasi ya jina ilikuwa imeshajazwa. Mashine inakumbuka aliyeingia mara ya mwisho, hilo nalo sikulijua mpaka nilipoona kwa macho yangu lile neno la mlangoni kwangu, limekaa pale, linangoja.

Sikuwa nimepanga kitu. Miguu ilinipeleka. Nilikaa kwenye kiti kabla meneja hajakivuta.

"Bosi amewaambia Administrator ni mimi," nikasema kwa sauti, nimewageukia wale wa mlangoni. "Haya. Huyu hapa nimekaa. Jina langu hilo. Bado neno la siri tu nifungue, kama nilivyofungua siku ile."

Meneja akasema, "Mama, si wakati wake."

Nikaandika jina langu la ubatizo, haraka, vidole vyangu vilikuwa bado vya taipu. Mashine ikakataa. Nikaandika jina la kijiji chetu. Ikakataa. Nikaandika *kamwene*, salamu yetu sisi Wabena, labda itanionea huruma. Ikakataa. Kuli mmoja akacheka, na ilikuwa mara ya kwanza wanicheke bila chuki.

"Nimesahau," nikasema. "Bosi, nikumbushe. Siku ile nilipowafuta hawa, niliandika neno gani?"

Kwa mara ya kwanza tangu aje Njombe nilimwona hana tabasamu. Bila lile tabasamu alikuwa na uso wa kawaida kabisa, uso wa mtu yeyote. Meneja akaanza kusema kwamba mashine ina hitilafu, kwamba safari imeitikisa, kwamba tutazame ghala kwanza.

Mnunuzi akatazama saa yake. Yeye hakujua lolote kati ya haya, na hakutaka kujua. "Bwana," akasema, "nimetoka mbali. Mwondoe huyu mama, ufungue, nione mali."

Meneja akaniinua kwa kunigusa bega. Nikasimama, nikampisha. Akainama juu ya meza, akaweka mwili wake mbele ya mashine ili watu wasione vidole, akaandika. Mashine ikapiga kile kimuziki chake cha kumkaribisha mwenyewe. Ikafunguka.

Kuli kijana mwenye mdomo mchafu alifyonya, basi. Mnunuzi akasogeza kiti, akavaa miwani, akaanza kuuliza habari za mbao za misindano.

Sitaki mtu adhani haki ilitendeka. Ghala liliuzwa. Makuli hawakurudishwa, kwa sababu kujua aliyekufuta si sawa na kuandikwa tena, na mafaili yao yalishakuwa jivu nyuma ya vyoo vyetu. Barua yangu ya kuachishwa kazi nilipewa mwezi huohuo, imechapwa kwa mashine ileile, na meneja aliniletea mwenyewe akitabasamu. Alihamishiwa mahali pazuri zaidi. Nimesikia aliendelea vizuri tu. Kwenye soko la Makambako, mtu akitolewa kazini hivihivi walianza kusema "amepigwa administreta," na watoto waliozaliwa baadaye wanalisema bila kujua lilikotoka. Mimi nikipita nalisikia.

Lakini jioni ile, baada ya mnunuzi kuondoka, sikupanda gari la meneja. Nilisimama njia panda kungoja kosta ya Njombe, nimejifunga khanga kichwani kwa ajili ya upepo, kikapu changu miguuni. Nikasikia mtu amekuja kusimama kando yangu. Sikugeuka. Viatu vyake nilivijua, vya matairi.

Malori yalikuwa yanapita.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Sikuwa nimemwamkia. Alikuwa anaijibu ile ya siku ya magogo. Na mimi, badala ya kufurahi, nilishikwa na hasira ambayo hata kwa meneja sikuwahi kuwa nayo, maana meneja sikuwahi kumwamkia kwa moyo.

"Mzee," nikamwambia, "shikamoo ile ilishaoza."

"Najua," akasema. "Nimeipokea hivyohivyo."

Kosta ikaja. Akanyanyua kikapu changu, akakipakia juu mwenyewe, akakifunga kamba, akashuka.